Wachezaji nyota, punda wa Balaamu na macho ya watoto wetu

Jumapili ya leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwanyooshea wengine kidole huku la kwangu nimelificha.

Februari 2022, usiku mmoja, nilikuwa sebuleni na mwanangu wa kiume, wakati huo akiwa na miaka tisa. Ndugu yetu mmoja akatuma kipande cha video kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nikakifungua. Mwanamume mrefu, mwenye nguvu, ameshika paka. Anamwachia, kisha anampiga teke kama mtu apigaye mpira. Nyuma ya simu inayorekodi mtu anacheka. Nami nikacheka. Mwanangu akasogea kuangalia, akamtambua mara moja. “Baba, si huyu ni Zouma, yule aliyekuwa Chelsea?” Nikamwambia ndiye. Akacheka na yeye, kwa sababu baba yake alikuwa anacheka.

Hazikupita siku nyingi, jirani yetu akabisha hodi. Ni bibi mjane, anaishi peke yake, na paka wake ndiye mlinzi wa gunia la mahindi dhidi ya panya. Siku hiyo paka alikuwa amefungwa kwenye kanga, mguu wa nyuma umevimba.

“Shikamoo mama,” nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisaidie kuzungumza na kijana. Wamemfanya paka wangu mpira.”

Nikamwita mwanangu. Hakukana. Alikuwa na wenzake watatu nyuma ya nyumba, wakipokezana kupiga “penalti”. Nikaanza kufoka, nikataja Biblia, nikataja viboko. Akanitazama, machozi yakimlengalenga, akasema, “Lakini baba, hata wewe ulicheka.”

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimeshika sahani ya sadaka miaka mingi na nimefundisha kipaimara. Siku ile, mbele ya mama yule na paka wake, sikuwa na neno la kujibu.

Tumkumbuke kidogo yule mchezaji, kwa kuwa habari yake ilisikika kote mpira unakotazamwa. Kurt Zouma ni Mfaransa, beki wa kati. Mashabiki wengi wa hapa kwetu walimjua tangu akiwa Chelsea, kabla hajahamia West Ham mwaka 2021. Video ile ilirekodiwa nyumbani kwake na mdogo wake, naye mchezaji wa timu ya madaraja ya chini, akaisambaza kwenye mtandao wa Snapchat. Ndani yake paka alipigwa teke, akafukuzwa, akarushiwa viatu, na kupigwa kofi akiwa mikononi mwa mtoto. Naomba ulitazame vizuri jambo hilo la mwisho. Mtoto alikuwapo, tena ndiye aliyekuwa amemshika paka.

Siku moja tu baada ya video kuenea, West Ham ilicheza na Watford, na kocha wake, David Moyes, akampanga Zouma. Timu ilishinda 1-0, lakini kila alipogusa mpira watu walimzomea. Klabu ilimtoza faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa, mshahara wa wiki mbili. Adidas ikaachana naye. Chama cha Uingereza cha kuzuia ukatili kwa wanyama, RSPCA, kikachukua paka wake wawili na kufungua kesi. Zouma alikiri kosa. Juni 1, 2022 mahakama ya London ikamhukumu kufanya kazi za kijamii bila malipo kwa saa 180, ikamkataza kufuga paka kwa miaka mitano, na kumtaka alipe gharama za kesi zinazokaribia pauni 9,000. Mdogo wake alipewa saa 140.

Katika kesi hiyo kuna jambo lililonichoma kuliko adhabu zenyewe. Upande wa mashtaka uliieleza mahakama kwamba tangu video ile ionekane hadharani, walijitokeza watu waliokuwa wakiwapiga paka na kujirekodi, kisha wakaweka picha hizo mitandaoni. Naye hakimu alimkumbusha Zouma kwamba yuko machoni pa watu na vijana wengi wanatamani kuwa kama yeye. Niliposoma habari hiyo nilijua kwamba mwanangu na wenzake watatu wamo katika hesabu ile, ingawa hakuna mahakama ya Uingereza iliyowahi kusikia majina yao.

Kwa hiyo, mpendwa, yule anayesema “mimi ni mchezaji tu, nihukumuni uwanjani, ya nyumbani kwangu yaacheni” hajaelewa alichopewa. Mtoto wa Mbagala au wa Kisumu havai jezi yenye jina la mgongoni kwa sababu ya mabao peke yake. Analivaa lile jina. Anajifunza jinsi mwenye jina anavyotembea, anavyonyoa nywele, anavyoshangilia, na hata anavyotema mate. Kampuni za viatu zinalijua jambo hilo, ndiyo maana zinamlipa nyota ili avae viatu vyao. Hakuna anayeweza kupokea fedha kwa sababu watoto wanamwiga, halafu siku ya aibu akasema kuigwa hakumhusu. Bwana wetu alifundisha katika Luka 12:48 kwamba aliyekabidhiwa vingi atadaiwa vingi.

Najua lipo swali moyoni mwako, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalo. Kelele zote hizi za nini? Paka tu! Watu wanakufa kwa njaa na vita, watoto wanalala nje, halafu dunia inamlilia paka? Mchezaji mwenzake Zouma, Michail Antonio, aliwauliza waandishi kama wanaona alichofanya mwenzake ni kibaya kuliko ubaguzi wa rangi. Ni swali la haki. Mchezaji mweusi anaporushiwa maneno ya kinyama uwanjani, mara nyingi adhabu huwa nyepesi na watu husahau upesi. Wanaolia kwa ajili ya paka na kunyamaza mwanadamu anapodhalilishwa, wana deni mbele za Mungu.

Lakini deni la mwingine halifuti la kwangu. Ubaguzi ukiachwa bila adhabu, dawa yake ni kuuadhibu, si kuuachia na ukatili upite. Na kosa la kumtesa mnyama halihusu ukubwa wa mnyama. Linahusu kile kinachotokea ndani ya mtu anapokuwa na nguvu juu ya kiumbe kisichoweza kumjibu, kumshitaki wala kumrudishia kipigo. Hapo ndipo tabia inapoonekana ilivyo. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa kipimo ambacho wengi wetu hatukitarajii. Haitaji sala zake wala sadaka zake, inatazama kama anajali uhai wa mnyama wake.

Fungua Hesabu 22 usome habari za Balaamu. Siku hizi tungemwita mtu mashuhuri. Mfalme wa Moabu alituma wazee kwenda kumwita kwa ujira, naye alipokataa, wakatumwa wakuu wengi zaidi na ahadi kubwa zaidi. Mwishowe akapanda punda wake, na watumishi wawili pamoja naye. Malaika wa Bwana akasimama njiani na upanga. Punda alimwona, mtu mashuhuri hakumwona. Punda akakengeuka kwenda shambani, akapigwa. Akajisukuma ukutani na kuubana mguu wa bwana wake, akapigwa tena. Mara ya tatu njia ikawa nyembamba, akalala chini, na Balaamu akampiga kwa fimbo kwa hasira, akasema angekuwa na upanga angemuua.

Bwana akakifumbua kinywa cha punda. Hakutukana wala hakutishia. Aliuliza tu amekosa nini hata apigwe mara tatu, na kama katika miaka yote aliyombeba bwana wake amewahi kumtendea hivyo. Balaamu akalazimika kukiri kwamba hapana. Na macho yake yalipofumbuliwa, jambo la kwanza malaika alilomuuliza halikuwa habari ya mfalme wala ya ujira. Alimuuliza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Kisha akamweleza kwamba punda ndiye aliyemwokoa. Asingekengeuka, Balaamu angekufa na punda angeachwa hai.

Ndugu yangu, Mungu alikuwa na mambo makubwa ya kuzungumza na Balaamu. Taifa zima la Israeli lilikuwa kambini likisubiri kulaaniwa au kubarikiwa. Hata hivyo, fimbo ile haikupita bila kuulizwa. Mungu huyohuyo aliyemuuliza Yona kwa nini asiuhurumie Ninawi, aliwataja watu wake zaidi ya 120,000, na hakuwasahau wanyama wao. Katika torati aliagiza ng'ombe asifungwe kinywa anapopura nafaka, na siku ya saba ng'ombe na punda wapumzike. Kwake huruma haigawanywi, kwamba hii ni ya watu na ile haipo.

Sasa sikia habari ya mchezaji mwingine, maana tusiishie kwenye kuhukumu. Michael Vick alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na helmeti. Mwaka 2001 alichaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa wachezaji wapya wa ligi ya NFL, na mwaka 2004 klabu yake ya Atlanta Falcons ikampa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 130. Aprili 2007 polisi walipekua nyumba yake huko Virginia, wakakuta mbwa zaidi ya 50 waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya kupiganishwa kwa kamari. Mbwa walioonekana hawafai kupigana waliuawa kwa njia za kutisha, wengine kwa kunyongwa na wengine kwa kuzamishwa majini. Mwanzoni Vick alidanganya. Baadaye akakiri. Desemba 2007 akahukumiwa kifungo cha miezi 23, na akatakiwa kutoa zaidi ya dola 900,000 za kuwatunza mbwa waliookolewa. Akiwa gerezani akafilisika.

Vick amesimulia kwamba alianza kuona mapigano ya mbwa mtaani kwao akiwa bado mtoto. Watu wazima walisimama pale wakishangilia, naye akakua akijua kwamba ni mchezo. Msomaji, nilipolisoma hilo niliikumbuka sebule yangu. Mtoto alimtazama mtu mzima akicheka, naye akaandika moyoni kwamba jambo hili linachekesha.

Lakini habari ya Vick haikuishia gerezani. Alipotoka mwaka 2009, Philadelphia Eagles ilimpokea, na msimu wa 2010 akatajwa kuwa mchezaji aliyerejea kwa kishindo kuliko wote katika ligi. Hilo ni la uwanjani. Linalotuhusu sisi ni kwamba alikubali kwenda mashuleni na mitaani pamoja na chama cha kutetea wanyama, kuwaambia vijana wasipite njia aliyopita. Mwaka 2011 alisimama Washington kuunga mkono muswada wa kumwadhibu mtu anayehudhuria mapigano ya wanyama, na hasa anayempeleka mtoto kuyaangalia. Mwaka 2014 jambo hilo likawa sheria. Na wale mbwa, ambao wengi waliamini hawafai tena kuishi na watu, zaidi ya 40 kati yao waliokolewa, na baadhi wakaishia majumbani wakicheza na watoto.

Wako Wamarekani ambao hadi leo hawajamsamehe, na siwezi kuwasemea. Mimi naona kitu kimoja tunachofundishwa na Zakayo katika Luka 19. Toba yake ilikuwa na mahesabu. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Toba ya mtu mashuhuri haiishii kwenye taarifa ya kuomba radhi iliyoandikwa na wakala wake. Inarudi palepale palipoharibiwa. Kama uliwafundisha watoto ukatili kwa jina lako, lichukue jina lilelile ukawafundishe huruma. Vijana wetu mnaochezea timu za mtaa, za shule na za ligi, mnaosali nasi na kuombewa kabla ya mechi, jifunzeni hilo mapema. Msingoje hadi siku mtakapoitwa mahakamani.

Na sisi tusio nyota? Daudi alipoletewa na nabii Nathani kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, aliyelelewa kama binti wa nyumbani, alikasirika sana akaapa kwamba mtu huyo lazima afe. Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Hasira yetu kwa Zouma na Vick inaweza kuwa ya kweli kama ile ya Daudi, na bado tukawa hatujajitazama.

Tazama barabara zetu. Punda amebebeshwa madumu ya maji na mifuko ya saruji hadi miguu inatetemeka, na mgongo una kidonda ambacho fimbo inakirudia palepale. Kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda, safari ya saa nzima juani. Mbwa amefungwa mnyororo tangu Jumatatu hadi Jumapili, maji hayapo, na getini tumeandika “Mbwa mkali”. Mtoto amebeba manati, anawapiga ndege asiowala. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini askari hawezi kusimama kwenye kila ua. Kwenye ua wako umesimama wewe, na mtoto wako yuko dirishani.

Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku hizi tunaleana na watu wengi tusiowajua: nyota wa mpira, wa muziki, wa mitandao. Hatuwezi kuwazuia wote wasikosee. Lakini kati ya nyota na mtoto wako kuna mtu mmoja aliyekaa kwenye kochi lilelile. Mtoto akiona jambo asilolielewa, kabla hajaamua kama ni zuri au baya, hugeuka kuutazama uso wa huyo mtu. Uso wako ndio unaomwambia acheke au ahuzunike. Hicho ndicho nilichokosea mimi. Zouma alimwonyesha mwanangu tendo. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kulipokea.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache tu. Video ya ukatili ikija kwenye simu yako, usiitume kwa wengine. Ifute. Kama mtoto ameshaiona, kaa naye, muulize anafikiri yule mnyama alisikia nini. Mwalimu wa shule ya Jumapili, habari ya punda wa Balaamu usiisimulie kwa ajili ya kicheko cha mnyama aliyesema. Waulize watoto yule punda alikuwa amekosa nini. Mwenye mifugo, kabla hujaja ibadani leo, mpe maji aliyefungwa. Na wewe shabiki, mpende mchezaji wako, lakini ukiona amekosa usimtetee kwa sababu amefunga mabao. Paulo aliwaambia Wakorintho wamfuate yeye kwa kadiri alivyomfuata Kristo. Hapo ndipo mpaka wa kumwiga mtu yeyote ulipo.

Siku ile, baada ya kimya kirefu, nilimwambia mwanangu mbele ya jirani, “Ni kweli, nilicheka. Nilikosea. Tutaomba msamaha sote wawili.” Tukaomba. Mama yule akatutazama, akasema, “Nimewasamehe, wanangu. Lakini paka naye anataka kula.” Kwa wiki tatu mwanangu alipeleka dagaa kila jioni, nami nilikwenda naye. Siku za kwanza paka alikuwa akimwona anakimbilia uvunguni. Aliwekewa sahani, mtoto akarudi nyuma hadi mlangoni, akangoja. Ilichukua siku kumi na moja kabla paka hajala akiwa karibu naye. Alipona, ingawa anachechemea hadi leo, na akipita uani kwetu mimi na mwanangu huwa tunanyamaza kidogo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona punda aliyepigwa njiani, utusamehe mahali tulipocheka ilhali wewe ulihuzunika. Uwaponye wachezaji waliokosea, na uwape ujasiri wa kurekebisha walichoharibu. Uyalinde macho ya watoto wetu, na utupe nyuso zinazowafundisha huruma. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.